Nani Aliyewapa Mamlaka ya Kuizika Bluzi?

Kila unapozuka mjadala kuhusu muziki wa Wamarekani Weusi katika kumbi zetu za vyuo, kauli moja haikosi kusikika. Kauli hiyo hudai kwamba bluzi, muziki wa huzuni na ustahimilivu uliozaliwa Kusini mwa Marekani, ilikufa katika miaka ya 1960. Kwamba waliobaki baada ya hapo ni wazee wachache na magitaa yao, kisha vijana wa Kizungu waliourithi muziki huo. Na kwamba kile ambacho Weusi wenyewe waliendelea kukiimba kilikuwa biashara tu. Nimeisoma kauli hiyo vitabuni, nimeisikia katika makongamano, na nimekutana nayo katika insha nyingi za wanafunzi. Makala haya yanakusudia kuipinga.

Ninaipinga kwa sababu mbili. Kwanza, si ya kweli, na santuri zenyewe zinaikanusha. Pili, imewadhuru watu: waimbaji waliokaa jukwaani miaka hamsini bila kuandikwa, watunzi ambao tungo zao ziliwatajirisha wengine, na umma mkubwa wa wasikilizaji walioambiwa kwamba wanachokipenda hakistahili kuhifadhiwa wala kusomwa.

Ndugu msomaji, tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Muziki huu Wamarekani wameupa jina la mseto: bluzi ya souli. Ni bluzi kwa maudhui yake na mara nyingi kwa muundo wake. Ni souli kwa namna unavyoimbwa, kwa maana sauti yake imelelewa kanisani. Kitovu chake ni mwimbaji. Gitaa lipo, lakini hukaa nyuma pamoja na kinanda, besi, ngoma, na kundi la tarumbeta na saksafoni. Bobby Bland na Latimore wa Tennessee, Little Milton Campbell, Tyrone Davis na Denise LaSalle wa Mississippi, Z.Z. Hill wa Texas, Johnnie Taylor wa Arkansas, Bobby Rush wa Louisiana: hao ndio ninaowatetea hapa. Huenda msomaji anayasikia baadhi ya majina haya kwa mara ya kwanza, ilhali jina la Robert Johnson analijua. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Ilitengenezwa, na inawezekana kuonyesha jinsi ilivyotengenezwa.

Tuchukue mwaka 1961. Mwaka huo zilitoka albamu mbili. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Columbia, nayo ilikusanya nyimbo 16 za Robert Johnson, mpiga gitaa wa Mississippi aliyefariki mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Ya pili ilitolewa na kampuni ya Duke ya Houston, Texas. Hiyo ilikuwa "Two Steps from the Blues" ya Bobby Bland. Johnson alirekodi nyimbo 29 tu maishani mwake, katika vikao vya San Antonio na Dallas vya mwaka 1936 na 1937, na ni santuri yake moja tu iliyopata mauzo ya kuridhisha wakati wa uhai wake. Bland, kwa upande wake, alikuwa hai, alikuwa safarini muda mwingi wa mwaka akiimba katika kumbi za Weusi, na mwaka huohuo wimbo wake "I Pity the Fool", uliomo katika albamu hiyo, ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa Wamarekani Weusi.

Sasa fungua historia za bluzi zilizo katika maktaba zetu. Johnson hupewa sura nzima. Bland hupewa aya, na wakati mwingine tanbihi. Sikusudii kumdunisha Johnson, ambaye alikuwa msanii wa daraja la juu na hahitaji utetezi wangu. Ninachouliza ni kipimo gani kilichotumika. Albamu ya Johnson iliwafikia vijana wa Kizungu wa Uingereza na Marekani waliokuwa wakijifunza kupiga gitaa, akina Eric Clapton na Keith Richards. Albamu ya Bland iliwafikia wapishi, madereva, wahudumu wa hospitali na vibarua wa viwandani katika miji kama Houston, Memphis na Chicago. Kundi la kwanza lilikuwa na nafasi ya kuzungumza na magazeti, na baadhi ya marafiki zake waliandika historia. Kundi la pili lilikuwa na kazi ya kuiwahi asubuhi.

Wala jambo hili halikukosa mtu wa kulikemea mapema. Mwaka 1966 msomi Charles Keil alichapisha kitabu chake "Urban Blues", akachambua kwa makini sanaa ya B.B. King na ya Bobby Bland, na akawakejeli wahakiki ambao kwao mwimbaji wa bluzi hakuwa halisi mpaka awe mzee, awe hajulikani, na awe ametoka shambani. Leo imepita zaidi ya nusu karne, na vigezo alivyovicheka Keil bado vinatumika, ingawa hakuna anayethubutu kuvitamka waziwazi. Mwaka 1964, vijana wa Kizungu walizunguka nchi wakiwasaka wazee waliorekodi santuri chache kabla ya Vita Kuu ya Pili. Wakampata Son House, wakampata Skip James akiwa hospitalini, wakawapandisha majukwaani mbele ya wanafunzi wa vyuo. Lilikuwa jambo jema kwa wazee wale. Lakini wakati huohuo Weusi wa Marekani walikuwa na bluzi yao mpya, na hawakuhitaji mtu kwenda kuichimbua. Mwaka 1965, mwaka wa maandamano ya Selma, Little Milton alishika nafasi ya kwanza katika chati ya Weusi kwa "We're Gonna Make It", wimbo wa watu wawili maskini wanaoapa kuvuka shida pamoja. Msikilizaji wa Alabama hakuhitaji mhakiki wa kumweleza kwamba ule ulikuwa wimbo wake.

Watetezi wa kile wanachokiita uhalisi watanijibu kwamba bluzi ya souli iliiacha mila. Wahenga wetu walisema mwacha mila ni mtumwa, na methali hiyo nimeisikia ikitumiwa katika mjadala huuhuu. Basi tuulizane: mila ipi? Tarehe 10 Agosti, 1920, mjini New York, Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues". Alikuwa mwanamke, alikuwa mwimbaji wa jukwaani, na alisindikizwa na bendi. Mauzo ya santuri ile ndiyo yaliyozifungua macho kampuni za kurekodi kwamba Wamarekani Weusi ni wanunuzi. Waliomfuata kwa umaarufu, Ma Rainey na Bessie Smith, walikuwa pia wanawake wa jukwaani, wenye mavazi ya kumetameta, piano na tarumbeta nyuma yao, na mbele yao hadhira iliyolipa kiingilio. Mwanamume aliyeketi peke yake na gitaa alianza kupewa nafasi kubwa katika santuri miaka kadhaa baadaye, hasa baada ya Blind Lemon Jefferson kuvuma kuanzia mwaka 1926.

Kwa hiyo kama ni suala la mila, Denise LaSalle akiwa jukwaani na bendi yake anasimama katika mstari ulionyooka unaotoka kwa Bessie Smith. Mpweke wa njia panda ndiye tawi la pembeni, tawi lenye matunda mazuri, ambalo wakusanyaji wa santuri walilipenda mno hata wakaliita shina. Mtafiti Elijah Wald aliliandika jambo hili bila kificho katika kitabu chake cha mwaka 2004, "Escaping the Delta": bluzi ilikuwa muziki wa kupendwa na watu, wa kuchezwa na wa kuuzwa, na Robert Johnson mwenyewe alikuwa kijana aliyesikiliza santuri zilizovuma na kujitahidi kwenda na wakati. Hakuna anayeheshimu mila kwa kuisimamisha mahali ambapo yeye aliikuta.

Nije sasa kwenye tukio ambalo kila anayesema bluzi ilikufa anapaswa kulieleza. Katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, kuna kampuni ya kurekodi iitwayo Malaco. Studio yake ilifunguliwa mwaka 1967. Katika muongo wa 1970 ilijipatia riziki kwa nyimbo za souli, maarufu zaidi ukiwa "Misty Blue" wa Dorothy Moore uliotamba mwaka 1976. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni kubwa za New York na Los Angeles zilikuwa zimekwisha kuwapa kisogo waimbaji wa souli wa Kusini waliovuka umri wa miaka arobaini. Soko lilitaka disko, kisha likataka vijana. Malaco ikaona jambo ambalo wakubwa hawakuliona: wasikilizaji wale hawakuwa wamekufa. Walikuwa wamekua tu. Walikuwa na kazi, watoto, madeni na ndoa zenye misukosuko, na hakukuwa na mtu aliyekuwa akiwaimbia.

Mwaka 1982 Malaco ikatoa albamu "Down Home" ya Z.Z. Hill. Hill alikuwa na umri wa miaka 46, alikuwa amerekodi kwa takriban miaka ishirini, na hakuwa amewahi kuwa nyota wa daraja la kwanza. Albamu ile ilikaa katika chati ya albamu za Weusi kwa karibu miaka miwili. Wimbo uliobeba jina lake, "Down Home Blues", unasimulia sherehe ya nyumbani ambamo mwanamke anavua viatu, anataka apumzike, na anaomba apigiwe bluzi ya kwao usiku kucha. Haukupata nafasi katika redio za Wazungu. Ulisambaa kwa redio za Weusi za Kusini, kwa vilabu vidogo vya pembezoni mwa miji, na kwa kaya zilizonunua santuri kwa fedha zao. Hill alifariki mwezi Aprili 1984, miezi michache baada ya ajali ya gari, kabla hajafaidi vya kutosha matunda ya jasho lake. Lakini mlango alikuwa ameshaufungua. Ndani ya miaka michache Denise LaSalle, Little Milton, Latimore, Johnnie Taylor na Bobby Bland wote walikuwa wakirekodi Malaco. Muziki uliotangaziwa matanga ulikuwa na kiwanda, redio, wanunuzi na nyota wake.

Najiuliza basi: maziko yale yalifanyika lini, na nani alihudhuria?

Ukweli mchungu ni kwamba wahakiki walipotangaza kuwa bluzi imekufa, walimaanisha kwamba imeacha kuwaelekea wao. Bluzi ya souli haikuwahi kumhitaji msikilizaji wa nje. Ilizungumza na watu wazima Weusi wa tabaka la wafanyakazi, na kwa namna ya pekee ilizungumza na wanawake wao. Hapa ndipo ninapoona kiini cha dharau yenyewe. Denise LaSalle alizaliwa katika kaunti ya Leflore, Mississippi, eneo la mashamba ya pamba. Alitunga nyimbo zake mwenyewe, alianzisha kampuni ya utayarishaji muziki pamoja na mumewe wa wakati huo mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1971 wimbo wake "Trapped by a Thing Called Love" ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya Weusi. Alipofika Malaco, mada zake zilikuwa mwanamume asiyetimiza wajibu, mwanamke anayejua thamani yake, rafiki asiyeaminika, na umri unaosonga bila tamaa kuisha. Katikati ya wimbo aliacha kuimba akazungumza, akawapa wanawake wenzake ushauri, akawakejeli wanaume, na hadhira ikamjibu. Msomaji aliyezoea mipasho ya taarabu hatahitaji maelezo zaidi kuhusu nguvu ya mwanamke anayesema hadharani yale ambayo wengine hunong'ona jikoni.

Katika jadi ya uhakiki ninayoipinga, mwanamume anayezurura na gitaa lake huitwa mwanafalsafa. Mwanamke anayehoji kwa nini kodi ya nyumba haijalipwa huitwa mburudishaji. Iko wapi mantiki ya hukumu hiyo? Mtu akitaka kujua namna Mmarekani Mweusi wa kipato cha chini alivyoishi ndoa, kazi, uzee na ukimwa wa Jumatatu katika robo ya mwisho ya karne ya ishirini, sijui kumbukumbu nyingine inayomtosheleza kama santuri hizi. Wimbo wa Johnnie Taylor wa mwaka 1996, "Last Two Dollars", ni wa mtu aliyebakiwa na dola mbili tu mfukoni na anayepaswa kuamua azitumieje. Sosholojia nzima imo humo.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni la maadili. Husemwa kwamba nyimbo hizi zina lugha ya chumbani mno. Sitakana, nyingine zinavuka mpaka hata kwa sikio langu. Lakini pingamizi hili linapotoka kwa wapenzi wa bluzi ya kale huwa ni unafiki. Mwaka 1935 Lucille Bogan alirekodi toleo la "Shave 'Em Dry" lenye lugha ya wazi kiasi kwamba sithubutu kulifafanua hapa. Leo wakusanyaji hulithamini toleo hilo kama hazina ya kihistoria. Matusi ya mwaka 1935 yamekuwa urithi, na utani wa LaSalle wa mwaka 1985 ukawa ushahidi wa kuporomoka kwa sanaa. Kilichobadilika ni umbali wa mhakiki kutoka kwa mwimbaji. Wafu hawamwaibishi mtu.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi, na haki inanitaka nilikabili. Santuri nyingi za bluzi ya souli zilizotoka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa zile za kampuni ndogo, zilitengenezwa kwa kinanda cha elektroniki na ngoma za mashine badala ya bendi kamili. Baadhi ni dhaifu. Midundo yake inafanana, na tarumbeta za bandia zinachosha. Anayezilinganisha na kazi ambazo Joe Scott alimpangia Bobby Bland katika kampuni ya Duke, ambamo kila tarumbeta inaingia kama kiitikio cha waumini, ataona pengo. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kuunda kwahitaji fedha.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo. Bendi ya watu wanane ni mishahara minane. Kampuni kubwa ziliondoa mitaji yao katika muziki huu, majarida makubwa yakauacha bila kuuhakiki, na matamasha yenye wafadhili yakawaalika zaidi wapiga gitaa. Mwimbaji akabaki na soko la Kusini peke yake, nalo ni soko la watu wasio na fedha nyingi. Akapunguza bendi ili wimbo utoke. Kisha walewale waliomnyima soko wakarudi kumshutumu kwa kutumia mashine. Huwezi kumnyima mtu unga halafu umcheke kwa uji mwepesi. Tena, hata bluzi ya kabla ya vita haikuwahi kuchagua zana zake kwa uhuru: Robert Johnson alirekodiwa ndani ya chumba cha hoteli mjini San Antonio, kwa sababu ndicho kilichopatikana. Tunamsifu kwa alichokifanya na kilichopatikana. Kipimo hicho kitumike kwa wote.

Nimesema kwamba uongo huu una wahanga, na sina budi kueleza. "I Pity the Fool", wimbo niliokwisha kuutaja, umesajiliwa kwa jina la mtunzi aitwaye Deadric Malone. Mtu huyo hakuwahi kuzaliwa. Ni jina alilolitumia Don Robey, mmiliki wa Duke, kujisajili kama mtunzi wa nyimbo, zikiwemo alizozinunua kwa fedha taslimu kutoka kwa watunzi wenye shida. Watafiti wengi wanaamini kwamba wimbo huo ulikuwa kazi ya Joe Medwick, mtunzi wa Houston aliyekuwa akiuza tungo zake kwa namna hiyo. Mrabaha ukaenda kwa jina la bandia. Katika muziki unaoheshimiwa, dhuluma kama hiyo huandikiwa vitabu na kufikishwa mahakamani. Katika muziki unaodharauliwa, hubaki kuwa kisa cha kuchekesha kinachosimuliwa na wakongwe.

Mfano wa pili ni George Jackson, mzaliwa wa Indianola, Mississippi. Yeye ndiye aliyetunga "Down Home Blues". Ndiye pia aliyetunga "One Bad Apple", uliowafikisha kaka wa familia ya Osmond kileleni mwa chati za Marekani mwaka 1971, na ni mmoja wa watunzi wa "Old Time Rock and Roll", ambao Bob Seger aliurekodi mwaka 1978 ukawa wimbo wa kila sherehe ya Wamarekani Wazungu. Jackson alifariki mwaka 2013. Ni wangapi kati ya waliocheza wimbo ule harusini wanalijua jina lake? Kalamu ile iliyoitwa ya kizamani ilipoandikia Weusi ndiyo iliyowachezesha Wazungu wa Marekani.

Mfano wa tatu ni wa nyaraka zenyewe. Tarehe 15 Aprili, 2011, kimbunga kiliyapiga majengo ya Malaco mjini Jackson na kuharibu sehemu kubwa ya studio. Kanda asilia zilisalimika kwa sababu zilikuwa katika chumba imara cha kuhifadhia. Kumbukumbu ya sauti ya zaidi ya miaka arobaini ilinusurika kwa uimara wa kuta, kwa gharama ya kampuni binafsi. Ni busara gani ya taifa kuiachia kuta za kampuni moja kazi ya kulinda kumbukumbu ya watu wake?

Na wa nne ni Bobby Rush. Amezaliwa mwaka 1933, ameimba katika mzunguko wa kumbi za Weusi ambao Wamarekani waliuita kwa jina la utumbo wa nguruwe, chakula cha makabwela wa Kusini, na ameimba humo tangu enzi za ubaguzi wa kisheria. Tuzo yake ya kwanza ya Grammy aliipata mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 83. Watu walishangilia, nami nilifurahi. Ila sherehe haifuti swali la walikuwa wapi kwa miaka sitini. Denise LaSalle naye aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa bluzi mwaka 2011, miaka 40 baada ya wimbo wake kushika nafasi ya kwanza. Alifariki Januari 2018. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki inayosubiri mtu azeeke ndipo itolewe imekwisha kupunjwa.

Najua kuna watakaotaka kuugeuza mjadala huu kuwa wa rangi ya wamiliki. Watanikumbusha kwamba Malaco ilianzishwa na Wazungu, na kwamba Don Robey alikuwa Mweusi. Nayajua yote mawili, na yote mawili yanaitia nguvu hoja yangu. Mmiliki Mweusi alijiandikia tungo za Weusi wenzake. Wamiliki Wazungu waliwapa waimbaji waliotupwa mahali pa kufanyia kazi, nao wakafaidika kibiashara. Mtetezi wa sanaa ya wanyonge asiyekagua mikataba, hakimiliki na mirabaha, akatosheka kuangalia ngozi ya mwenye ofisi, hajaanza kazi yake. Swali langu ni la mamlaka. Nani anayeamua kwamba sanaa ya watu iko hai au imekufa: wanaoiishi, au wanaoikusanya?

Kwetu sisi walimu wa vyuo vikuu swali hili halina umbali wowote. Tunapofundisha fasihi simulizi na utamaduni wa watu wenye asili ya Afrika, orodha zetu za vitabu hutoka ng'ambo zikiwa zimekwisha kuchujwa, nasi huzipokea kama zilivyo. Tunamfundisha kijana wa Kiafrika kuhusu bluzi kupitia macho ya mkusanyaji wa santuri wa London, kisha tunamwambia kwamba amejifunza kuhusu Weusi wa Mississippi. Amejifunza kuhusu London. Vitabu vya kurekebisha hali hiyo vipo. Kazi ya Keil ipo tangu 1966, na kitabu cha David Whiteis kuhusu bluzi ya souli ya Kusini kilitoka mwaka 2013. Kinachokosekana ni nia.

Napendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. Kila kozi inayomtaja Robert Johnson impigie mwanafunzi pia albamu ya Bland ya mwaka uleule wa 1961, kisha imwachie swali la kwa nini moja aliijua na nyingine hakuijua. Kila wimbo unaochambuliwa darasani utajwe pamoja na mtunzi wake, si mwimbaji peke yake, na mwanafunzi afunzwe kutilia shaka majina ya aina ya Deadric Malone. Na katika kupima uhai wa sanaa yoyote, ushahidi wa hadhira yake utangulie ushahidi wa mhakiki. Z.Z. Hill alikaa katika chati karibu miaka miwili bila idhini ya wasomi. Anayetaka kusema kwamba bluzi ilikuwa imekwisha kufa wakati huo aanze kwa kuwaeleza wanunuzi wa santuri ile walichokuwa wakikisikiliza.